Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau akiugua ghafla baada ya pombe: mwongozo kwa mlezi

Makala haya ni kwa ajili ya mama, binti, mkamwana au mlezi yeyote anayeishi na mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, yaani dimensia, ambaye pia anakunywa pombe, hata kama ni mara mojamoja. Tumeyaandika tukiwafikiria walezi wa Isevya na kata nyingine za Manispaa ya Tabora, lakini yatamfaa mlezi popote alipo.

Kwa kifupi

- Dimensia huzidi polepole, kwa miezi na miaka. Mzee akibadilika ndani ya saa au siku chache, kuna ugonjwa mwingine umeingia. Mpeleke akapimwe.
- Harufu ya pombe si jibu. Sukari iliyoshuka, malaria, kiharusi na jeraha la kichwa hufanana sana na ulevi.
- Mzee aliyezoea kunywa kila siku asikatishwe pombe ghafla nyumbani. Anaweza kupata degedege na kufa.
- Asiyeamka hapewi kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali.
- Mwambie mhudumu wa afya ukweli wote kuhusu pombe. Siri inachelewesha matibabu.

Dimensia haizidi kwa usiku mmoja

Dimensia ni ugonjwa wa ubongo. Si uzee wa kawaida, si ukaidi, wala si laana. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013 ulikadiria kuwa takriban watu 6 kati ya 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa nayo. Kwa hiyo katika mtaa wenye wazee wengi, familia yako haiko peke yake.

Ugonjwa huu huenda taratibu. Mwaka huu mzee anasahau majina ya wajukuu, mwaka ujao anapotea njia ya kurudi kutoka sokoni. Lakini ikiwa jana alikula mwenyewe na kukusalimia, na leo hajui yuko wapi, anaona watu wasiokuwepo, au analala mchana kutwa na hageuki ukimwita, hiyo si hatua mpya ya dimensia. Ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, ambako wengi wetu tunakuita kuweweseka. Chanzo chake huwa ni ugonjwa wa mwili, dawa, pombe, au kukatishwa pombe.

Kuweweseka kuna sura mbili. Ya kwanza ina kelele: mzee anahangaika, anavua nguo, anapigana, halali usiku. Hii kila mtu huiona. Ya pili ni ya kimya: anasinzia, hazungumzi, anatazama ukuta, chakula kinabaki mdomoni. Hii hupita bila kuonekana, kwa sababu nyumba inakuwa tulivu na watu wanasema "leo mzee amepumzika." Ya kimya ni ya hatari sawa na ya kelele.

Kipimo chako cha kwanza ni kumlinganisha mzee na yeye mwenyewe. Usijiulize kama anajua tarehe ya leo. Huenda hajaijua kwa miaka miwili. Jiulize: je, ananitazama ninapozungumza naye kama alivyokuwa akinitazama wiki iliyopita? Anakaa na kutembea vilevile? Hali yake inapanda na kushuka ndani ya siku moja? Wewe unayemwogesha na kumlisha ndiye unayejua majibu. Daktari anayemwona kwa mara ya kwanza hawezi kuyajua bila wewe.

Kwa nini pombe humwelemea mzee haraka

Mwili wa mzee una maji kidogo kuliko wa kijana, hivyo kiasi kilekile cha pombe huwa kikali zaidi kwenye damu yake. Ini linaisafisha polepole. Mara nyingi anakula kidogo na anatumia dawa. Na ubongo wenye dimensia umeshapoteza akiba yake, kwa hiyo kitu kidogo kinautikisa.

Kuna jambo jingine ambalo ni la dimensia yenyewe: mzee anasahau kuwa ameshakunywa. Anakaribishwa nyumba ya kwanza, anamaliza, anasahau, anakaribishwa ya pili. Kila mwenyeji anaamini amempa kikombe kimoja tu.

Kiasi nacho ni kigumu kukijua. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi. Lakini kangara, komoni au wanzuki wa asali havina kibandiko. Nguvu yake hutegemea mpishi, joto na siku ambazo pombe imekaa. Gongo ni kali zaidi, hairuhusiwi kisheria, na hakuna anayeipima. Serikali ilipiga marufuku pombe kali za viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, lakini chupa ndogo za bei nafuu bado zinapatikana, nazo huingia mfukoni mwa koti kirahisi.

Yanayojificha nyuma ya harufu ya pombe

*Sukari kushuka.* Pombe huzuia ini kutoa sukari kwenye damu. Mzee aliyekunywa bila kula anaweza kushukiwa na sukari saa nyingi baadaye, hata alfajiri, wakati wote mnadhani amelala ulevi. Hutoka jasho la baridi, hutetemeka, huropoka, huwa mkali, kisha hulegea na kuzimia. Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari.

*Maambukizi.* Malaria, UTI na nimonia humfanya mzee aweweseke, wakati mwingine bila homa kali. Kwetu Tabora malaria haitakiwi kusahaulika: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kiwango cha malaria kwa watoto walio chini ya miaka 5 mkoani Tabora ni asilimia 23, cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Nyumba yenye mbu wa kumuuma mtoto ina mbu wa kumuuma babu. Mzee aliyetapika baada ya kunywa anaweza pia kuvuta matapishi kwenye mapafu na kupata nimonia siku moja au mbili baadaye.

*Jeraha la kichwa.* Ubongo wa mzee, hasa mnywaji wa muda mrefu, umesinyaa kidogo, na mishipa midogo inayouzunguka imevutika. Kuanguka kidogo tu kutoka kitandani kunaweza kuichana. Damu huvuja polepole, na dalili huja baada ya siku au hata wiki kadhaa: kichwa kuuma, usingizi mwingi, upande mmoja kulegea, kuchanganyikiwa. Kwa kuwa mzee hakumbuki kuanguka, mtazame mwenyewe: kichwani, nyuma ya masikio, viwiko na magoti.

*Kiharusi.* Mdomo umepinda, mkono mmoja umelegea, maneno yamevurugika. Kosa linalotokea ni kusema "amelewa, ulimi umekuwa mzito." Mwambie atabasamu na anyanyue mikono yote miwili. Upande mmoja ukishindwa, kumbuka saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, na mpelekeni hospitali mara moja.

*Dawa.* Pombe ikikutana na dawa za usingizi kama Valium, dawa za kifafa, au vidonge vikali vya maumivu, inaweza kupunguza pumzi hadi kusimama. Piriton, ambayo wengi huinunua kwa mafua na muwasho, huweza yenyewe kumchanganya mzee mwenye dimensia. Flagyl haishauriwi kuchanganywa na pombe. Panadol nyingi kwa mnywaji wa kila siku huumiza ini.

*Upungufu wa vitamini B1.* Anayekunywa sana na kula kidogo huishiwa vitamini hii. Macho huchezacheza au hushindwa kufuata kitu, anayumba hata akiwa hajanywa, na akili inavurugika ghafla. Sindano ya vitamini B1 ikitolewa mapema inaweza kumrudisha. Ikichelewa, kumbukumbu inayopotea huenda isirudi tena.

*Pombe yenye sumu.* Wakati mwingine pombe kali ya mtaani huchanganywa na methanoli, pombe ya viwandani. Uganda mwaka 2010 watu wengi walikufa Kabale na maeneo mengine kwa waragi wenye methanoli. Kenya ilipata msiba kama huo Mei 2014 katika kaunti kadhaa, na tena Kirinyaga Februari 2024. Dalili huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 24: kichwa na tumbo kuuma sana, kutapika, pumzi za haraka, na macho kuona ukungu. Mzee mwenye dimensia huenda asiseme kwamba haoni. Utamwona anapapasa kikombe kilicho mbele yake, au anajigonga mlangoni mchana kweupe. Kama watu wengine waliokunywa chungu kimoja naye wanaumwa, usisubiri. Huwezi kuitambua methanoli kwa harufu, rangi, wala kwa kuiwasha moto.

*Kilichodhaniwa kuwa pombe.* Mkoa wetu unalima tumbaku na pamba, na dawa za kuua wadudu hukaa ndani ya nyumba. Ikimiminwa kwenye chupa ya soda au ya konyagi, mzee asiyeweza tena kutofautisha ataipiga funda. Vivyo hivyo mafuta ya taa, kitakasa mikono na dawa ya kufulia. Mate kumtoka kwa wingi, jasho, kuhara, mboni za macho kuwa ndogo sana na misuli kurukaruka ni dalili za sumu ya viuatilifu. Hiyo ni dharura.

Pale tatizo linapokuwa ni kukosa pombe

Hili ndilo linalowashangaza walezi wengi, hivyo tulieleze kwa utulivu.

Tabora ni mji wa njia. Zamani misafara ilipita hapa kati ya Bagamoyo na Ujiji. Leo watu huja kwa treni na mabasi kutoka Urambo, Kaliua, Sikonge na Mpanda. Wazazi waliozeeka vijijini nao huletwa hivyo, ili wakae kwa watoto wao mjini. Chukua mfano wa mzee wa miaka 74 ambaye kijijini amekunywa kila jioni kwa miaka 30. Anafika Isevya kwenye nyumba isiyo na pombe kabisa. Siku ya kwanza anatetemeka mikono na hataki kula. Usiku halali. Siku ya pili anaanguka degedege. Siku ya tatu anachuma wadudu hewani na kuzungumza na ndugu waliokwisha kufa. Familia inasema dimensia imezidi, au kuna mkono wa mtu.

Ni arosto ya pombe. Ubongo uliozoea kutulizwa na pombe kila siku hulipuka ukinyimwa ghafla. Kwa kawaida kutetemeka, jasho, kichefuchefu na wasiwasi huanza saa 6 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho. Degedege hutokea zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo. Kuona vitu visivyokuwepo pamoja na homa na moyo kwenda mbio huja siku ya pili hadi ya nne, na hali hii huua isipotibiwa. Hospitalini kuna dawa za kuutuliza ubongo hatua kwa hatua.

Jambo hilohilo hutokea mzee akilazwa kwa malaria au akivunjika mguu, na wodini hakuna anayejua kuwa ni mnywaji. Hutokea pia mwezi wa Ramadhani, au katika nyumba ya watu wa dini ambako unywaji wa mzee ni siri. Siri hiyo tunaielewa. Ni heshima ya mzazi. Lakini mhudumu wa afya hatafuti dhambi. Anatafuta dawa sahihi.

Dalili za hatari: nendeni sasa hivi

Usisubiri asubuhi ukiona moja ya haya:

- haamki ukimwita kwa sauti na kumfinya bega;
- anapumua polepole (chini ya mara 10 kwa dakika), pumzi zinakatika, au midomo imekuwa ya bluu au kijivu;
- degedege, hata ikiisha yenyewe;
- mdomo umepinda au upande mmoja umelegea;
- ameanguka na kugonga kichwa, hasa kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda;
- anatapika mfululizo, anatapika damu, au choo ni cheusi kama lami;
- haoni vizuri au anapapasa;
- homa, shingo ngumu, au mwili wa baridi sana;
- kuchanganyikiwa kupya kusikokuwepo jana, hata bila dalili nyingine.

Nini cha kufanya ukiwa nyumbani

1. Ita mtu wa pili: jirani, mjumbe, kijana wa hapo nje. Usibaki peke yako, na watoto wadogo watolewe chumbani.

2. Mwite mzee kwa jina analolipenda. Akijibu, mkalishe au mlaze kichwa kikiwa juu kidogo. Asipojibu lakini anapumua, mlaze ubavu, goti la juu likiwa limekunjwa na mdomo ukielekea chini ili matapishi yatoke. Usimlaze chali.

3. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpe sukari: vijiko vya chai 4 kwenye maji nusu glasi, au soda ya kawaida nusu chupa. Fanya hivyo hata kama ana kisukari na huna kipimo. Sukari iliyoshuka inaua haraka; iliyopanda kidogo kwa saa moja haitamdhuru vivyo. Hata akipata nafuu, bado apelekwe.

4. Akipata degedege, ondoa vitu vigumu pembeni, weka kanga chini ya kichwa, tazama saa. Usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko mdomoni. Ikikoma, mlaze ubavu.

5. Mfunike. Pombe hupoteza joto la mwili, na usiku wa Juni na Julai Tabora una baridi.

6. Kusanya dawa zake zote, kadi ya kliniki, na chupa ya alichokunywa, hata kama imebaki na tone.

7. Tafuta usafiri. Mtu asiyejitambua asipakiwe kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Kichwa huinama na pumzi huziba. Bajaji au gari ni bora, awe amelala ubavu na mtu akimtazama kupumua. Kituo cha karibu kinaweza kupima sukari na malaria na kuanza huduma, lakini kwa asiyeamka, mwenye degedege au dalili za kiharusi, elekeeni moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete.

Mambo ya kuepuka

Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta ya kula, maji ya chumvi wala kahawa kali "kumkata pombe". Hakuna kinachoitoa pombe mwilini ila muda, na anayesinzia atapaliwa. Usimmwagie maji baridi. Usimtembeze kwa nguvu. Usimpe kidonge cha usingizi ili atulie. Usimfunge kamba wala kumfungia chumbani peke yake. Na usiseme "mwache alale, itaisha." Kama mmeona vema alale, awepo mtu wa kumwamsha na kuhesabu pumzi zake mara kwa mara. Akiwa mgumu kuamshwa kuliko mwanzo, ondokeni.

Utakachomwambia mhudumu wa afya

Ukiwa na hofu maneno hupotea. Haya yaandike kwenye daftari au simu mapema:

- "Ana ugonjwa wa kusahau tangu mwaka fulani. Kawaida yake ni hivi… Mabadiliko haya yameanza siku fulani, saa fulani."
- "Anakunywa kila siku," au "mara moja kwa wiki". Aina ya pombe na kadirio la kiasi.
- "Mara ya mwisho kunywa ilikuwa saa fulani." Hili ni muhimu sana.
- "Hali vizuri kwa wiki kadhaa." Uliza wazi kama anahitaji sindano ya vitamini B1.
- Dawa zote, pamoja na za miti shamba.
- Kuanguka kokote ndani ya miezi miwili.

Ukiambiwa "huyu amelewa tu, mpelekeni nyumbani," jibu kwa upole lakini usiondoke: "Daktari, namuuguza mimi kila siku. Akilewa namjua. Hivi siyo. Naomba apimwe sukari, malaria na mkojo, na aangaliwe kichwa." Una haki ya kuomba hivyo. Kama kuna shaka ya damu kichwani, uliza ni wapi anaweza kupigwa picha ya CT.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua kuwa mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na wazee wasio na uwezo wanastahili msamaha wa gharama katika vituo vya serikali. Muulize mwenyekiti wa mtaa au ofisa ustawi wa jamii kuhusu kitambulisho cha mzee sasa, kabla ya dharura.

Baada ya kurudi nyumbani

Kuweweseka hakuishi siku moja na dawa. Kunaweza kuchukua wiki, na wengine hawarudi kabisa walipokuwa. Msaidie ubongo upate utulivu: mwanga mchana na giza usiku, miwani yake, sauti za watu wachache anaowajua, maji mara kwa mara, mkojo na choo kufuatiliwa. Mwambie kila asubuhi ni siku gani na wewe ni nani, bila kumfanyia mtihani.

Chakula ni sehemu ya tiba. Vitamini B1 imo kwenye maharage, karanga, choroko na ugali wa dona. Sembe iliyokobolewa imepoteza sehemu kubwa. Mzee asiyependa kutafuna anaweza kunywa uji wa dona wenye karanga zilizosagwa.

Kupunguza pombe bila vita

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kuwa hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kabisa kwa afya. Kwa mwenye dimensia sababu ni kubwa zaidi: jopo la wataalamu wa jarida la Lancet, katika ripoti ya mwaka 2024, liliweka unywaji wa kupindukia miongoni mwa mambo 14 yanayochangia dimensia ambayo yanaweza kuzuiwa. Ubongo uliodhuriwa na pombe wakati mwingine hupata nafuu kiasi mtu akiacha.

Kama mzee hunywa mara mojamoja, mnaweza kuacha kumpa. Kama hunywa kila siku, mpango wa kupunguza upangwe na mhudumu wa afya. Aliyewahi kupata degedege au kuona vitu alipoacha anahitaji kuachishwa akiwa hospitalini.

Kubishana naye hakusaidii, kwa sababu kesho hatakumbuka mlikubaliana nini. Badilisha mazingira badala ya kumbadilisha yeye. Mara nyingi anachokitafuta jioni ni kikao, wenzake na kikombe chake mkononi. Mpe kikombe kilekile kikiwa na uji wa ulezi au togwa ya leo. Ya juzi imeshaanza kulevya. Mtafutie mzee mwenzake wa kukaa naye saa ile ile aliyozoea kwenda kilabuni.

Zungumza na wanaomkaribisha. Hawana nia mbaya, wanamheshimu. Nenda mchana, kilabu kikiwa kitupu: "Shikamoo mama. Nimekuja kwa ajili ya babu. Ana ugonjwa wa kusahau, hakumbuki kama ameshakunywa, na juzi tulimpeleka hospitali. Naomba akija mpe maji au soda, kisha unipigie simu nije nimchukue." Acha namba yako. Msibani na harusini, mwombe kijana mmoja akae karibu naye.

Akina mama wengi wanaouguza wazee ndio haohao wanaopika pombe ili kulipa ada. Kama ni wewe, hatukuhukumu. Weka vyungu kwenye chumba chenye kufuli, mwaga masalia, na kamwe usimpe mzee masalia ili "atulie." Dawa za shambani, mafuta ya taa na dawa zote za hospitali zikae juu na zifungwe, na zisihamishiwe kwenye chupa za vinywaji.

Maneno ya uchawi

Mikoa yetu ya magharibi na ya ziwa ina historia chungu ya wazee, hasa bibi zetu, kutuhumiwa uchawi na hata kuuawa. Bibi anayezunguka usiku, anayeropoka na kuita marehemu, yuko hatarini akiwa na majirani wasioelewa. Waeleze majirani mapema, na mjulishe mwenyekiti wa mtaa kwa jina la ugonjwa: dimensia. Ukisikia vitisho, toa taarifa polisi, namba ya dharura 112. Maombi na dua yana nafasi yake katika familia, lakini yasitangulie hospitali.

Na wewe unayeuguza

Hakuna anayeweza kumlinda mzee saa 24 akiwa peke yake, huku akinyonyesha, akipika na kutafuta riziki. Itisha kikao cha ndugu na mgawane zamu kwa majina na siku. Walio mbali wachangie nauli na chakula. Usimwachie mzee anayekunywa mtoto mdogo amlee, wala usimwachie mtoto mzee wa kumlinda. Kama mzee anakupiga akilewa au akiweweseka, ondoka kwanza mahali palipo na hatari, kisha tafuta msaada wa ustawi wa jamii au mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii. Kwa ushauri wa afya, Wizara ya Afya ina namba ya bure, 199.

Leo hii, kabla hakijatokea chochote, andika mambo matatu na uyabandike ukutani: dawa zake, namba ya mwenye bajaji anayepatikana usiku, na kawaida ya mzee wako ikoje akiwa mzima. Siku mambo yakibadilika, karatasi hiyo itazungumza kwa niaba yake.